Mashine ya Fransiska

Treni ya abiria ilipoingia stesheni ya Arusha ikitokea Moshi, watu walijaa mpaka pa kukanyaga hapakuonekana. Fransiska Nnko, binti wa kijiji cha Akheri, fundi mkereza vyuma wa karakana ya reli, alipenya katikati yao na ovaroli yake ya bluu, kilemba chekundu kichwani, akainama kando ya injini.

"Dada, utaungua!" dereva alipaza sauti dirishani.

"Gurudumu lako limelika, kaka. Halikugongi huko juu?"

"Linanigonga tangu Moshi! Umejuaje?"

"Nimelisikia likiingia."

Dereva akateremka, mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi. "Naitwa Loishiye. Nipe namba, nikupigie likinigonga tena."

"Utapiga wewe au gurudumu?"

Wakacheka wote wawili, na namba akapewa.

Miezi minne simu hazikupoa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula vumbi la chuma." Jumapili wakitoka kanisani walipanda Akheri, Loishiye akampa mama yake Fransiska shikamoo, wakala machalari ya ndizi na nyama.

Kisha mashine kubwa ya karakana ikafa. Hiyo ndiyo iliyokereza magurudumu, ikatoboa, ikanyoosha na ekseli, vyuma vinavyobeba magurudumu. Msimamizi, mzee Elinaza, akataka iuzwe chuma chakavu.

"Hata Loishiye ameandika injini yake isiguswe hapa," alisema.

Fransiska akatoka nje. Akapiga simu.

"Umeandika injini yako isiguswe hapa?"

"Nimeandika, lakini mpenzi, sikiliza..."

"Mpenzi wako nani? Mtu usiyeamini mikono yake?"

Akakata. Loishiye alipiga mara kumi na moja; Fransiska hakupokea. Alilia siku moja, ya pili akamwomba mzee siku kumi. Akaifungua mashine yote, akakuta gia kuu imevunjika meno, akachonga nyingine kwa mikono yake. Siku ya nane mashine ikanguruma, karakana nzima ikapiga makofi.

Mzee Elinaza akaja na karatasi ya Loishiye, uso umemshuka. "Mwanangu, nisamehe. Nilisoma mstari wa kwanza tu."

Fransiska akasoma: *Injini isiguswe hapa. Kwanza mashine itengenezwe. Anayeweza kuitengeneza ni Fransiska Nnko. Apewe nafasi.*

Akapiga simu palepale.

"Loishiye, nimekukosea. Lete injini yako."

"Na mwenye injini je?"

"Yeye ndiye ninayemtaka kwanza."

Wiki hiyo alikereza magurudumu yote mpaka yakang'aa. Siku ya majaribio alisimama kando ya Loishiye ndani ya injini, wakashika njia ya Usa River, Mlima Meru umevua mawingu yake yote. Hakuna kilichogonga. Injini iliteleza kama maji.

"Fransiska," Loishiye alisema, macho yakiwa relini, "nioe mimi dereva."

"Mwanamume ndiye anayeoa, baba!"

"Basi uolewe nami."

"Nimekubali. Hata usingeuliza leo, ningekuuliza mimi."

Simu ikalia. Mzee Elinaza alitaka majibu ya majaribio.

"Andika, mzee," Fransiska alisema, akicheka na machozi yakimtiririka. "Injini nzima, magurudumu mazima, na fundi ameposwa."