Saruji kwenye Ufa

Clotilda alikuwa akifagia nyuma ya nyumba. Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, huko Ntobeye, wilayani Ngara. Upande wa chini kulikuwa na chumba cha Bibi Leonsia, mama mkwe wake. Bibi alilala humo na mjukuu wake mdogo, Keza.

Kwenye kona ya chumba hicho ukuta ulikuwa na ufa. Clotilda alikwisha kuuzoea. Lakini leo aliona kitu kipya. Juu ya ufa mtu alikuwa amepaka kitu cha kijivu, kipana kama kiganja cha mtoto.

"Baba Keza! Njoo uone!"

Evaristi, mume wake, alikuja na mswaki mdomoni. "Nani amepaka hiki?"

"Nikuulize wewe."

Wakatazamana. Miaka hiyo wakimbizi kutoka Burundi na Rwanda walikuwa wengi sana Ngara. Malori ya chakula yalipita mchana kutwa. Watu walifunga milango kwa kufuli hata wakienda kisimani tu. Mtu akikosa jembe lake, alimtazama jirani kabla ya kuchungulia uvunguni.

Bibi Leonsia alisema kutoka mlangoni, "Wiki iliyopita nilimwona Manirakiza amechuchumaa hapo. Nikajua anatafuta kuku wake."

"Kuku gani, mama? Manirakiza hafugi kuku!"

Manirakiza alikuwa jirani yao wa chini, fundi mwashi. Alitoka Burundi akiwa kijana, zamani, akaoa na kulima hapo hapo. Lakini miaka hiyo watu walianza kukumbuka alikotoka.

"Amefukia kitu," Evaristi alisema. "Ndiyo maana ukuta unapasuka. Anataka tuhame, achukue kiwanja."

Akachukua jembe, akaanza kuchimba kwenye kona.

Manirakiza alisikia, akapanda mbio. "Evaristi, acha! Usichimbe chini ya ukuta!"

"Unaogopa tutakiona?"

"Mtoto yuko wapi?"

Clotilda alishtuka. Keza alikuwa bado amelala ndani. Alikimbia akamtoa. Bibi naye alitoka na mkeka wake, akinung'unika kwamba hata uchawi ungemwacha anywe uji kwanza.

"Sasa chimba," Manirakiza alisema. "Lakini sogea mbali na ukuta. Huku chini."

Evaristi alichimba. Jembe lilizama kama kwenye unga. Yakatoka majani meusi ya migomba, yameoza. Kisha kikatoka kisiki cha mgomba, laini kama ugali.

"Hirizi yenyewe ndiyo hiyo?" Bibi aliuliza.

Evaristi alikigeuza kwa jembe. Kisiki hicho alikijua. Alikifukia mwenyewe siku za kujenga.

"Ulikata udongo wa juu, ukaumwaga chini, ukapata uwanja wa kujengea," Manirakiza alisema. "Nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi ngumu. Nusu imekaa kwenye udongo wa kujaza. Mvua ikinyesha, huo wa kujaza unadidimia. Nilikuambia siku ile. Ukasema natafuta kazi."

"Na hiki cha kijivu?" Clotilda aliuliza.

"Ni saruji. Inapima. Isipokatika, ukuta umetulia. Ikikatika, bado unashuka. Ningepaka tope, lingepasuka kwa jua tu. Nilikosea kuja kimya kimya, Mama Keza. Niliogopa kufukuzwa."

Clotilda alisogeza uso. Katikati ya saruji kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Imekatika," alinong'ona.

Evaristi bado alikuwa na shaka. "Wewe unapata nini?"

Manirakiza alionyesha paa lake, chini kidogo. "Huu ukuta ukianguka, utaangukia wapi?"

Hapo Evaristi aliweka jembe chini.

Bibi na Keza walihamia chumba cha upande wa juu. Wanaume walitegemeza paa kwa miti, wakabomoa chumba cha chini tofali kwa tofali. Wakazoa udongo wote wa kujaza. Kisha wakachimba mtaro wa msingi mpaka mtaimbo ukagonga ardhi ngumu na kurudi juu.

"Si tufuate mteremko tu?" Evaristi aliuliza.

"Sahani yako ya maharage huwa unaiweka juu ya paa?" Bibi akamjibu.

Manirakiza alicheka. "Msingi ukilala mshazari, utateleza. Tunachimba kwa ngazi. Kila ngazi iwe fupi, na chini yake pawe sawa."

Walipima usawa kwa mpira wa kuonyesha ndani, uliojaa maji. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili. Waliweka mawe makubwa chini. Penye kuungana ngazi na ngazi waliweka mawe marefu, yashikane. Juu ya msingi huo wakajenga ukuta upya. Upande wa juu wa nyumba walichimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni, na kwenye kingo zake wakapanda majani.

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu. Maji yalifuata mfereji. Evaristi alipaka saruji pale ukuta mpya ulipoungana na wa zamani. Kila asubuhi Bibi aliikagua kwa kidole. Masika yakaisha, haikukatika. Bibi akarudisha mkeka wake chumbani, na Keza nyuma yake na mto.

Siku moja Nshoma, jirani wa ng'ambo ya bonde, alimkuta Evaristi amechuchumaa kwenye kona, akikagua saruji. Akasimama mbali.

"Unafukia nini hapo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Evaristi alitaka kucheka. Kisha akamkumbuka Manirakiza, akasogea kumpisha.

"Njoo uguse mwenyewe," alisema. "Halafu twende tukaangalie kona yako."