Pondu Kwenye Mshale

Usimtajie Serge pondu, yaani kisamvu cha Wakongo; jirani yetu huyu wa Albert Park atatapika mbele yako. Jioni moja alikwenda kuwinda kwa upinde nje ya Durban. Alijificha ndani ya kihema chenye giza, zipu imefungwa, bakuli la pondu alilopikiwa na mkewe likiwa katikati ya miguu yake, hajaligusa. Akasikia kitu kinalamba, kinalamba. Akadhani kiko nje.

Nguruwe pori alipojitokeza, akamfuma tumboni kupitia kidirisha cha kihema. Mshale ukatokea upande wa pili, mnyama akatimka. Serge akatoka, akauokota, unachuruzika uteute wa kijani, akaunusa kama wawindaji wafanyavyo ili kujua umepita wapi mwilini.

“Eish! Hii iko pondu ya bibi yangu!”

Akarudi mbio kihemani. Kifuniko cha bakuli kilikuwa kimekaza vilevile. Akakifungua. Bakuli limelambwa likatakata, na mate yaliyobaki yalikuwa bado ya moto.