Waipa Isiyokuwepo

Kila asubuhi kabla ya kengele, kiranja wa usafi wa darasa la sita alisimama mlangoni na karatasi yake ya ukaguzi. Ilikuwa na mistari kumi: maji ya kunawa, sabuni, vyoo, pipa la taka na mengineyo. Wenzake walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakulipata bure. Tiki kumi aliziweka kwa pumzi moja.

"We Chapuchapu, hata chooni hujafika!" rafiki yake alimwambia asubuhi hiyo.

"Jana sabuni ilikuwepo. Leo itakwenda wapi, ina miguu?"

Mchana, mama yake alikuwa akimsubiri getini, bado amevaa ovaroli ya kazini.

"Twende," mama alisema. "Leo ni leo, asemaye kesho mwongo."

Chapuchapu alijua wanakokwenda. Mwezi uliopita mama, ambaye ni dereva wa lori la saruji, alinunua gari dogo lililotumika ili ampeleke Bibi hospitali mara tatu kwa wiki. Bango la wauzaji lilijigamba kwamba magari yao yamekaguliwa na kuthibitishwa na kiwanda. Mama alipewa cheti chenye mhuri na mistari mia moja, yote ina tiki.

Siku ya nne, kwenye mteremko wa hospitali, kanyagio la breki lilizama mpaka chini kama mguu kwenye tope. Mama alivuta breki ya mkono, gari likasimama shubiri moja kutoka ukutani. Bibi, kwenye kiti cha nyuma kando ya Chapuchapu, alisema, "Nilikuwa nakwenda kutibiwa, si kuzikwa."

Gari lilivutwa hadi kwa wauzaji, na hapo danadana ikaanza. Mara ya kwanza mama alijazishwa fomu. Mara ya pili fomu haikuonekana, akajaza nyingine. Akipiga simu, sauti tamu ilimwambia, "Malalamiko yako ni muhimu sana kwetu," kisha ikakatika. Wakati huo Bibi alikuwa amekosa matibabu mara mbili. Miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kuingia.

Siku hiyo, msimamizi wa malalamiko hakuinua hata kichwa. Alikuwa akikoroga chai.

"Mama, tulishakwambia. Gari lilikaguliwa mambo mia moja. Cheti kinasema breki ni nzima."

"Cheti hakikuwa ndani ya gari breki zilipokufa," mama alijibu. "Mimi, mama yangu na binti yangu ndio tuliokuwemo."

"Pengine ni mguu wako tu. Magari haya hayataki kukanyagwa kwa pupa."

Chapuchapu alihisi masikio yakiwaka moto. "Mama anaendesha lori la tani thelathini!"

"Taratibu, mwanangu," mama alisema, akimpa bahasha yenye cheti na funguo za gari. "Nenda kamchukulie Bibi mto wake garini."

Gari lilikuwa uani, limejaa vumbi. Hakuna aliyeligusa tangu livutwe. Chapuchapu alipangusa kioo cha nyuma kwa kiganja ili auone mto, akachafuka mpaka kifundo cha mkono. Hapo akajiuliza kwa nini kioo kama hicho hakina waipa ya kukipangusa. Akakitoa cheti na kusoma mstari mmoja mmoja. Mstari wa sitini na tatu ulisema: *Waipa ya nyuma: inafanya kazi vizuri.* Mbele yake kulikuwa na tiki nene, nyeusi.

Alilizunguka gari mara mbili. Hapakuwa na waipa, wala tundu la kuifunga. Akarudi ndani mbio.

"Samahani, mjomba. Naomba unionyeshe waipa ya nyuma ya gari letu."

"Waipa nayo imefanya nini?"

"Imeandikwa inafanya kazi vizuri. Nimeitafuta, siioni."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakainua vichwa. Mzee mmoja mwenye cheti kama hicho mkononi akasimama. "Hebu tukaione hiyo waipa."

Wakatoka wote. Msimamizi alilizunguka gari, akainama, akainuka.

"Labda imekwenda kunywa chai," mzee akasema, na watu wakaangua kicheko.

Mama hakucheka. "Aliyeiona waipa isiyokuwepo ndiye aliyeziona breki zangu?"

Msimamizi akamwita fundi mkuu. Gari likainuliwa juu. Fundi alimulika chini yake, akatikisa kichwa. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu, linavuja.

"Hapa hata tochi haikufika," alisema. Akamwita mkaguzi mbele ya watu wote.

"Siku hiyo magari yalikuwa mengi," mkaguzi alisema, macho chini. "Lililotangulia lilikuwa zima, nikadhani na hili ni hivyo hivyo. Nikaweka tiki zote kwa pamoja."

Chapuchapu alitazama mkono wake wenye vumbi. Kicheko kilimkauka midomoni.

Mama hakuondoka mpaka alipopata barua ya kuombwa radhi, ahadi ya matengenezo yenye sahihi, na gari jingine la kumpeleka Bibi hospitali. Hilo jingine fundi mkuu alilikagua mbele yake, bomba kwa bomba.

Kesho yake, kiranja alikwenda mpaka vyooni. Sabuni haikuwepo, na mapipa mawili ya maji yalikuwa makavu. Mahali pa tiki aliweka mikasi miwili, alama ya kosa. Wenzake walinuna, mwalimu wa zamu akakunja uso, lakini kabla ya mapumziko sabuni ilikuwa imeletwa.

Jioni aliwasimulia mama na Bibi kila kitu, hata zile tiki za pumzi moja.

"Nyani haoni kundule," Bibi alisema, huku akijaribu kiatu. Kiliingia.

Mama hakugomba. Alimketisha karibu yake.

"Mwanangu, yule mkaguzi hakutaka kutuua. Alitaka kumaliza kazi upesi, basi. Lakini tiki ni neno lako. Ukiiweka, unamwambia mtu usiyemjua: nimeangalia, wewe pita salama. Naye anapita. Kwa hiyo kama hujaangalia, usiiweke. Na ukiwekewa ya uongo, usinyamaze, hata wakikwambia mguu wako ndio mbovu."