Mjukuu wa Kwenye Faili

Faili lilianza kunuka Jumanne asubuhi. Mwanafunzi alidhani ni panya. Ofisi ile ya ustawi wa jamii ilikuwa na panya wa kutosha kuunda chama, na mwezi ule tayari wawili walikuwa wamefia nyuma ya makabati. Akainama, akachungulia, akanusa kabati baada ya kabati, mpaka pua ikamfikisha kwenye droo yake mwenyewe. Humo mlikuwa na faili moja tu, jipya, la kijani. Lilinuka maziwa yaliyochacha, na chini ya maziwa kulikuwa na harufu nyingine, ya kitambaa kilichofungwa kwenye kidonda kikasahauliwa. Alilifungua kwa ncha za vidole. Karatasi zilikuwa kavu na safi, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Huo ulikuwa umelowa, na ulikuwa wa vuguvugu.

Ukurasa huo ulikuwa uongo mtupu, na yeye ndiye aliyeuandika.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea ustawi wa jamii, na kilichobaki kati yake na shahada ni wiki kumi za mafunzo kwa vitendo. Darasani hakuwa mchezo. Somo la utu na heshima ya mteja alipata themanini na saba, na insha yake mwalimu aliisoma mbele ya wenzake. Lakini kuandika juu ya utu wa mteja kwenye kiyoyozi ni rahisi, shughuli ni kukaa chumba kimoja na mteja mwenyewe. Mteja wake wa kwanza alikuwa bibi mmoja kipofu, hana jino hata la dawa, anaishi peke yake chumba cha juu kabisa cha jengo la ghorofa nne, na mgongo umeoza kwa kulala. Mwanafunzi alimtembelea mara moja. Alikaa dakika sita akipumulia mdomo, kisha akashuka ngazi mbiombio akatapika mtaroni. Kanuni inataka ziara tatu kabla faili halijafungwa. Ya pili na ya tatu alizifanyia mezani, akinywa soda.

Msimamizi wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Muhuri, hakuwa anapitisha ripoti isiyo na maelezo ya kina. Basi mwanafunzi akayatoa hayo maelezo. Aliandika kwamba bibi sasa anaishi na mjukuu wake, binti mpole, mwembamba, mwenye kovu dogo kidevuni na tabasamu lisilomtoka. Anamlisha bibi mara tatu kwa siku. Lile kovu alilipenda sana, aliona linaleta uhai. Bwana Muhuri alisoma, akaridhika, akagonga muhuri wake, na kesi ikafungwa.

Jumatano, saa nne, mfagiaji wa ofisi alisimama mlangoni na fagio lake. Walimwita Mama Deki.

"Msomi, una mgeni. Anasema ni mjukuu wa yule bibi yako wa ghorofani."

Soda ilimpalia mwanafunzi. "Nani?"

"Mjukuu. Nimemwacha kwenye benchi." Mama Deki alishusha sauti. "Sijapenda anavyokaa, mwanangu. Amekaa kama nguo iliyotundikwa."

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mwembamba, mpole, na kovu lilikuwa kidevuni pale pale. Tabasamu nalo lilikuwepo. Mwanafunzi alimtazama usoni akashindwa kujua ni nini kilichokosekana, na alipojua alitamani asingejua, kwa maana hakuwa ameandika masikio na masikio hayakuwepo, hakuwa ameandika kope na macho yale hayakupepesa, hakuwa ameandika kucha na vidole vilikuwa vimeishia tu, laini na vyeupe, kama vya mtu aliyelala siku nzima ndani ya maji.

"Nimekuja kushukuru," alisema yule kiumbe. Midomo haikufuata maneno. "Sikuwa na mahali. Umenipatia."

"Bibi... bibi anaendeleaje?"

"Anakula. Mara tatu kwa siku. Njoo umwone, hujawahi kumwona akila."

Aliponyanyuka, benchi lilibaki na utando wa kijivu unaovutika, na ile harufu ikajaa ukumbi mzima. Mama Deki aliufuta mara moja kwa kitambaa, akakitazama, akakitupa pamoja na ndoo.

"Haya, sema," alimwambia mwanafunzi walipobaki wawili. "Na usinidanganye mie, mie si Bwana Muhuri."

Akasema yote. Mama Deki alimsikiliza huku amejishika kiuno, na uso wake ulizidi kukunjamana. Haikujulikana kilichomchukiza zaidi ni yule kiumbe au mwanafunzi mwenyewe.

"Kwa hiyo umetengeneza nafasi ya mtu, ukaiacha wazi. Sasa ulitegemea nini? Hawa majini huzurura wakitafuta pa kukaa. Wewe umemwandikia mmoja pa kulala na kazi ya kufanya, na mkubwa wako akampigia muhuri."

"Anatokaje, mama?"

"Aliingia kwa maandishi. Andika ukweli, ukausome mle mle chumbani, na aliyegonga muhuri awepo asikie."

"Nikifanya hivyo nafeli. Miaka mitatu yote inakwenda na maji."

"Usipofanya, bibi wa watu ataendelea kulishwa."

"Kwani anamlisha nini?"

"Wewe uliandika chakula gani?"

Hakuwa ameandika chochote.

Aliandika ripoti mpya usiku huohuo. Ilijaza nusu ukurasa tu, kwa kuwa ukweli wake ulikuwa mfupi. Kesho yake akaipeleka kwa Bwana Muhuri, akijua kwamba anaupeleka mwaka wake wa tatu kaburini. Bwana Muhuri aliisoma akiwa ameziba pua kwa leso, maana uvundo sasa ulikuwa umefika hadi kwenye meza yake, kwenye kidau cha wino.

"Umeniponza, binti. Unajua wakaguzi wanakuja lini?"

"Mzee, bibi analishwa na jini."

"Nimekusikia. Nauliza habari ya wakaguzi." Lakini alinyanyuka akachukua koti lake. Alitaka aone mwenyewe kuna nini, ili ajue cha kukanusha.

Walipanda zile ngazi saa sita mchana, jua linawaka, watoto wanacheza ghorofa ya kwanza na redio inaimba ghorofa ya pili. Ghorofa ya tatu milango yote ilikuwa imefungwa na kuzibwa matambara chini. Ya nne, ukuta ulikuwa unatoa jasho. Mwanafunzi alishika chuma cha ngazi akakiachia haraka, kilikuwa na ule utando. Nyuma ya mlango wa bibi walisikia mtu anameza, anapumzika, anameza tena, na katikati ya kumeza na kumeza kulikuwa na mlio mdogo wa kitu kizito kinachotoka kooni kwenda juu.

Mwanafunzi akasukuma mlango. Yule kiumbe alikuwa amemwinamia bibi kitandani, mikono yake isiyo na kucha imeshika mashavu yale makavu, mdomo wake umefunika mdomo wa bibi kabisa, na shingo yake ilikuwa inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, na kila iliponywea koo la bibi nalo lilipanda na kushuka, na pembeni ya midomo yao ile minne kulikuwa kunachuruzika kitu kizito cha rangi ya maji ya deki, chenye mabonge, kikashuka shingoni mwa bibi hadi kwenye mto, ambako kilikuwa kimeganda tabaka juu ya tabaka, milo ya siku zote ambazo mwanafunzi alikuwa ameketi ofisini akinywa soda.

"Soma," Bwana Muhuri alinong'ona. "Soma upesi, nitatapika."

Akasoma. "Mteja anaishi peke yake." Kiumbe akageuza shingo, mwili ukabaki palepale. "Hana mjukuu. Sikufanya ziara ya pili wala ya tatu. Niliona kinyaa nikakimbia." Kovu likafutika, kisha kidevu chenyewe. "Hakuna mtu anayemlisha." Tabasamu lilikuwa la mwisho kuondoka. Kilichobaki kilimwagika sakafuni, kikajikusanya kama utando unaoenguliwa juu ya maziwa, kikapenya kwenye ufa wa sakafu kwa mlio wa kunyonya.

Bwana Muhuri alikuwa tayari ameshika kitasa.

Bibi alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Nani amemfukuza?"

"Shikamoo, bibi," alisema mwanafunzi, na machozi yakamtoka. "Ni mimi, yule wa ustawi. Umepona sasa. Hakuwa mjukuu wako, bibi. Alikuwa jini."

"Najua alikuwa jini. Mie kipofu, si mjinga." Bibi alipapasa shuka mpaka akapata ukingo wa kitanda. "Alikuwa anakuja asubuhi, mchana na jioni. Wewe ulikuja lini?"

Mwanafunzi alijifuta machozi kwa ile ripoti.

"Na mchana wa leo sijashiba. Nani atanimalizia?"

"Ofisi italifuatilia suala lako, mama," alisema Bwana Muhuri kupitia leso, na viatu vyake vikasikika vinashuka ngazi mbili mbili.

Bibi alizisikiliza hatua zile mpaka zikaisha. Kisha akageuza uso wake kuelekea katikati ya chumba, akaita taratibu, kwa sauti ya mtu anayeita ndani ya nyumba yake.

"Mjukuu wangu."

Mwanafunzi alitaka kumwambia kwamba hayupo tena, kwamba ameondoka, kwamba yeye atashuka sasa hivi anunue maziwa na mkate, atafute nesi, atafute gari, alikuwa amekwishayapanga yote kichwani.

"Mjukuu wangu we!"

"Abee, bibi."

Mwanafunzi aligeuka haraka akautazama mlango. Akatazama ufa wa sakafuni, akainama akatazama uvunguni. Hakukuwa na mtu. Hapo ndipo alipohisi midomo yake mwenyewe ingali wazi kwa lile jibu, na juu ya ulimi wake, ambao haukuwa umeonja kitu tangu asubuhi, kitu laini, kichachu, cha vuguvugu, kinapanda kutoka kooni na kuzidi kujaa. Alijaribu kutema. Miguu ikampeleka kitandani.

Bibi akafungua kinywa.