Viambaza vya Ofisi ya Changamwe

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, sahibu yetu Rama, seremala wa Magongo, aliitwa kwenye ofisi moja ya mizigo pale Changamwe aongeze kichumba cha saba. Vile sita alivitengeneza mwenyewe, kwa viambaza vya mbao vya kufunga na kufungua. Vichwa vya skrubu vyote alivielekeza ujiani, ili vifunguliwe upesi. Kazi ilikuwa safi, lakini aliidharau. Kuku wa mamake walikuwa na nafasi zaidi.

"Maridadi, sivyo?" akasema Thoya, karani mkuu, akijipitisha ujiani kama bwana harusi. "Kila mtu na kwake. Soga zimekwisha."

"Wallahi, hata maiti huchimbiwa mwanandani mpana kuliko huu," Rama akamjibu.

Thoya akacheka, akatoka na makarani wenzake kwenda kula. Rama akabaki peke yake. Viambaza vilikuwa vimeziba madirisha, na ujia ulikuwa kiza mchana kweupe. Mwisho wake, mashine ya taipu ikaanza kugonga.

Akaifuata. Kichumba cha saba kilikuwa kimeshasimama, pande zote nne, bila mlango. Wapumbavu wamechezea mbao zangu, akawaza.

"Hodi!" akaita, kwa mazoea tu.

Taipu ikanyamaza.

Akatoa bisibisi, akapapasa kiungo gizani akitafuta vichwa vya skrubu. Vidole vikachomwa na ncha. Zote zilikuwa zimekazwa kutoka ndani, na ya mwisho, chini ya kidole chake, ilikuwa bado inazunguka.