Presha ya Bi Mkubwa

Siku hiyo duka la spea lilijaa hadi mlangoni, na muuzaji alikuwa akiita watu kwa kazi zao. "Mzigo wa fundi!" akaita. Mikono miwili ikanyooshwa. Mmoja ulikuwa wa fundi magari, kijana mwenye ovaroli ya buluu iliyofifia magotini. Mwingine ulikuwa wa fundi cherehani, binti aliyevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, na lilimkaa sawasawa. Muuzaji akagawa mifuko, kila mmoja akashika njia yake. Binti alipofika kibandani kwake akafungua mfuko atoe mkanda wa cherehani, akakuta pampu ya petroli.

Aliporudi dukani alimkuta kijana kasimama na mkanda mkononi, anaugeuzageuza.

"Huu hautoshi hata baiskeli," kijana akasema.

"Na hilo dude lako ningelifunga wapi, kwenye sindano?"

Wakacheka, wakapeana namba ili, ati, mizigo isipotee tena. Mizigo haikupotea. Waliopotea ni wao.

Tangu hapo kila mmoja alimwita mwenzake Fundi, na simu zikawa haziishi. Huyu anauliza leo umeshona nini, yule anauliza leo umefungua nini. Miezi ikapita hivyo, hadi binti akamwambia mama yake, na mama, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema kijana aletwe Jumapili amwone.

Jumamosi kijana akaanza kuwa mgeni. Simu hapokei, na akipokea ana haraka. Mchana binti akapiga tena. Kijana akasema, "Fundi, nisubiri kidogo," akaiweka simu pembeni bila kuikata, akaendelea kuzungumza na mwenzake wa gereji.

"Bi mkubwa hatulii," binti akamsikia. "Tangu nimletee kitu kipya, presha imempanda."

"Si umrudishie cha zamani," mwenzake akashauri.

"Cha zamani kimeshakufa. Na nikimlazimisha atawaka, kesho niaibike mbele za watu."

Binti akakata simu. Bi mkubwa! Kumbe jamaa ana mke, na hicho kitu kipya ndiye yeye. Sasa mbona alikubali kuja kwa mama? Anakuja kuposa mke wa pili, au kuaga? Na huyo mke presha imempanda kweli, au ni wivu? Akamchukia kijana, mara akamhurumia mke mgonjwa, mara akajihurumia mwenyewe. Mkono wa kushoto wa blauzi ya mteja akaushona kulia, akafumua, akaushona tena kulekule. Mwishowe akampigia mama na kumweleza yote huku analia. Mama akasema Jumapili hakuna mgeni.

Hata hivyo moyo ulikataa kuachana na mtu bila kumuuliza. Akafunga kibanda, akaenda gereji, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Bi mkubwa yuko wapi?"

Kijana akainua kichwa kutoka ndani ya boneti. "Nani kakwambia habari zake?"

"Wewe. Nataka kumwona."

Akaigusa boneti. "Huyu hapa."

Lilikuwa gari la zamani, limepakwa rangi upande mmoja, linatoa moshi mweusi na kuzimika. Binti akalitazama gari, akamtazama kijana, akachungulia nyuma ya gari isije ikawa kuna mtu.

Ndipo kijana akaeleza. Alilinunua bovu, akawa analitengeneza kwa siri ili Jumapili afike kwa mama kama mtu mwenye chake. Pampu yake ilikufa, naye akalifungia ile ya siku ile dukani, ambayo ni ya injini za kisasa. Hiyo inasukuma petroli kwa nguvu, wakati kabureta la zamani linataka kunyweshwa polepole, kwa hiyo petroli inafurika na plagi zinalowa. Dawa yake ni kidude cha kupunguza presha, chenye mpira wa kurudisha ziada kwenye tangi. Alichokifunga kilikuwa kidogo mno kwa pampu hiyo, na duka lilishafungwa.

"Kwa hiyo huna mke?"

"Mke? Fundi, mke ninayemtaka ndiye huyu anayenitolea macho."

Binti akaketi juu ya tairi akalia, na hakujua kama ni furaha au hasira. "Mama alitaka kumwona mtu," akasema. "Gari alikuomba nani?"

Ukweli ni kwamba kijana aliogopa kuulizwa ana nini.

"Na nimeshamwambia una mke."

Kijana akashika kichwa, petroli ikamjaa nyweleni.

Binti akapiga simu. "Mama, bi mkubwa ni gari." Mama akauliza kama hilo gari lina watoto. Binti akajaribu kueleza habari ya presha, mama akajibu mwenye presha ni yeye, tena tangu mchana. Kadiri walivyoelezana ndivyo walivyozidi kuchanganyana, hadi kijana akafuta mikono na kuiomba simu.

"Shikamoo, mama."

Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja.

"Sina mke, mama. Nataka kumwoa binti yako. Nilitaka nije na gari, lakini gari halina uhakika. Mimi ninao."

"Basi uje wewe," mama akasema. "Gari libaki."