Siku Mto Kivongwe Ulipogeuzwa

Zama zile watu wa milima ya Upare walipokuwa wakifua chuma chao wenyewe, palikuwa na mto mdogo ukiitwa Kivongwe, mwembamba hata kijana aliweza kuuruka. Juu mlimani wahunzi waliosha humo mchanga wa chuma; chini yao mifereji iliyachepusha maji kwenye migomba; na yaliyosalia yaliteremka hadi tambarare, yakanywesha ng'ombe wa kijiji cha Mareti. Mlinzi wa mifereji hiyo alikuwa Mashombe, mtu wa maneno machache.

Kiangazi kimoja likaja jeshi kutoka nyika, lenye ngao za ngozi ya nyati. Likapiga kambi ukingoni mwa mto, kati ya mlima na Mareti, likafunga njia zote. Mwezi ulipoandama tena, maghala ya boma la mlimani yalikuwa matupu.

Mfumwa Kiranga, mtawala wa mlima, akamwita Mashombe.

"Ugeuze mto uangukie korongo la mashariki. Kiu itawafukuza."

"Na Mareti je, Mfumwa? Dada yangu Naetwe ameolewa kule."

"Tukisha kuwashinda utaurudisha. Vita havina macho, Mashombe."

Mashombe akauziba mto chini ya mifereji kwa magogo na mawe, akaukata ukingo wa mashariki. Siku ya nne adui akang'oa kambi, mifugo yake ikilia kwa kiu. Baragumu zikapigwa. Mashombe hakungoja pombe ya ushindi. Alikimbilia kuubomoa ukuta wake wa magogo na mawe.

Akakuta maji yamekwisha kulila korongo, kina cha watu wawili. Njia ya zamani ilikuwa juu, kavu. Kwa siku tisa yeye na wenzake walitupa mawe, na mto ukayabeba yote.

Ndipo akashuka Mareti. Naetwe alikuwa akikunja mikeka.

"Kaka, mto umepatwa na nini?"

"Nimeugeuza mimi. Haurudi."

Naetwe akaufunga mkeka kwa kamba. "Uliamriwa."

"Mikono ilikuwa yangu."

"Basi na itubebee mizigo."

Kiranga alikuwa amemtunukia fahali wawili. Mashombe aliwaacha zizini kwa mtawala, akahama na watu wa Mareti kuufuata mto mashariki. Huko akawachimbia mifereji, huko akazikwa.

Nyimbo za mlimani humsifu Kiranga, aliyeshinda pasipo kurusha mkuki. Jina la Mashombe halimo. Lakini watu wa mashariki, kabla ya kukata mfereji mpya, humtuma mtu kwanza ashuke na maji hadi yanapoishia, akaulize ni nani anayekunywa huko.